Megapikseli 200 kwenye sinia moja

Ramadhani imeisha, harusi zimefumuka. Jumamosi nilikuwa Ngamiani, hapa Tanga, nimejibana kupiga picha kati ya spika na meza ya keki, ami yake bwana harusi akaniinamia sikioni: "Mwanangu, hiyo kamera yako megapikseli ngapi?" Nikamwambia 24. Akacheka, akachomoa simu yake, Samsung Galaxy S25 Ultra. "Hii 200. Wewe bado unahangaika na dude hilo?"

Nikaitika "haya, ami," maana bibi harusi alikuwa anaingia. Lakini huyo ni wa tatu tangu Idi, na wote wananiuliza kama Xiaomi 15 Ultra, simu iliyozinduliwa kimataifa Barcelona Machi 2025, "imeizidi" Samsung hiyo au "imepitwa". Wanahesabu megapikseli kama magoli.

Ami, sikiliza. Mwanga ni wali; sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ni sinia; na pikseli, zile nukta zinazounda picha, ni walaji. Megapikseli moja ni nukta milioni. Sensa kuu ya S25 Ultra ni kama milimita 9.8 kwa 7.3, ndogo kuliko ukucha wako wa kidole cha mwisho. Ukiwakalisha watu milioni 200 kwenye sinia hilo, wali hauongezeki. Kila mtu anaambulia punje. Simu yenyewe inalijua hilo. Ukiiacha ilivyo, inawakusanya majirani 16 wale kama mmoja, na picha inayotoka ni ya megapikseli 12. Kumi na mbili!

Xiaomi wao, hiyo 200 wameiweka kwenye lenzi ya mbali, na pale ina maana, kwa sababu unaweza kukata kipande cha picha na bado kikafaa. Lenzi kuu wameipa 50 tu, kwenye sinia kubwa zaidi: kama milimita 13 kwa 9.8. Kila pikseli ina upana wa mikroni 1.6 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ya Samsung 0.6. Kieneo, pikseli kwa pikseli kabla ya kukusanywa, hiyo ni mara saba. Ukumbini taa zikizimwa, hapo ndipo tofauti ilipo.

Ila msinijie na "inchi moja". Sensa hiyo kuu ya Xiaomi inaitwa ya inchi moja, na hakuna upande wake wala mshazari wake unaofika inchi. Mshazari ni kama milimita 16. Inchi ni 25.4. Jina limerithiwa kutoka mirija ya kioo ya kamera za zamani za televisheni, ambako inchi ilikuwa unene wa mrija wenyewe, kioo na yote. Mirija imekufa, jina limebaki kwenye matangazo. Dude langu? Sensa yake ni milimita 36 kwa 24. Kieneo, karibu mara saba ya hiyo "inchi".

Na sinia kubwa lina gharama yake. Niliwahi kuazima simu ya namna hiyo kupiga hina. Nikasogea karibu na mkono wa bibi harusi: ua la kwenye kidole cha shahada likatoka kali, hadi ufa wa hina iliyokauka unauona, lakini maua ya kwenye kifundo yakawa ukungu. Dawa ni kubana tundu la lenzi. Xiaomi 14 Ultra ilikuwa na tundu la kubana na kufungua, f/1.63 hadi f/4 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). Kwenye 15 Ultra wameliondoa, limebaki f/1.63 muda wote. Kwa mpiga hina hiyo ni hatua ya kurudi nyuma, na sijaona tangazo linalolitaja. Rudi nyuma kidogo, tumia lenzi ya mbali, utapona.

iPhone 16 Pro: kama kazi yako ni video, chukua, tusipoteze muda.

Sasa nikiri. Kule Raskazone, saa saba mchana, bahari inang'aa nyuma ya maharusi, simu hizi hunishinda. Zinapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha. Mimi nahangaika na flashi huku jasho likinitiririka. Na rangi ya ngozi bado sina jibu. Kuna simu inayomng'arisha bibi harusi mpaka mama yake anauliza ni nani huyu, na bibi harusi mwenyewe anaipenda picha hiyo kuliko yangu. Nani kakosea pale? Kuna siku nadhani ni mimi.

Ami alinitumia picha zake jana, zote kwa WhatsApp, zimebanwa hadi kope hazionekani. Nimemjibu kwa dole gumba.