Kiboreshaji cha udongo: maana yake, na jinsi ya kukichagua kwa mimea inayostahimili ukame

Kiboreshaji cha udongo ni kitu kinachochanganywa na udongo ili kuubadili udongo wenyewe: jinsi unavyoshika maji, unavyoyapitisha, unavyoruhusu hewa ifike mizizini, au kiwango chake cha tindikali. Mbolea ni jambo jingine, kwa kuwa kazi yake ni kuulisha mmea. Samadi iliyooza vizuri hufanya kazi zote mbili, na nadhani hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, maana aliyezoea samadi hudhani kila kinachotiwa shambani ni chakula. Chokaa na jasi (madini laini yenye kalsiamu, gypsum kwa Kiingereza) hazitiwi kwa ajili ya kuushibisha mmea. Hutiwa kwa sababu udongo una kasoro.

Kwa mimea inayostahimili ukame, swali la kwanza ni namna mmea unavyoustahimili. Mshubiri na mkonge huweka akiba ya maji katika majani yake mazito, kwa hiyo adui yao mkubwa ni maji yanayotuama, ambayo huozesha mizizi. Mtama na mbaazi hazina ghala la namna hiyo. Hutegemea mizizi inayoshuka chini kuyafuata maji, na zinahitaji udongo unaoyahifadhi kati ya mvua moja na nyingine. Mtu anayejaza samadi kwenye shimo la mshubiri kwa nia njema huuandalia sponji mmea ambao haukuomba maji.

Hali ya Dodoma inaonyesha jambo hili vizuri. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwenye udongo wa kichanga maji hupita upesi, kwa hiyo mkulima wa mtama hunufaika na mboji au samadi iliyooza, ikichanganywa katika sentimita 15 hadi 20 za juu, au ikitiwa konzi mbili katika kila shimo pale ambapo samadi ni haba. Samadi mbichi haifai, kwani huunguza miche na huleta mbegu za magugu. Bondeni, kwenye udongo mweusi wa mbuga ambao hunata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, mboji hiyohiyo hufanya kazi tofauti: huufanya udongo uvunjike vipandevipande ili maji na hewa vipate njia.

Wengi hudhani kwamba mfinyanzi hutibiwa kwa mchanga. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hukupa kitu kinachokaribia tofali. Ungehitaji mchanga mwingi mno ili hali ibadilike. Kwa mshubiri mmoja au miwili ni rahisi zaidi kuinua tuta na kupanda juu yake.

Jasi, ambayo Tanzania huchimbwa Makanya, wilayani Same, ina mahali pake maalumu: udongo wenye magadi, yaani uliozidi sodiamu, ambao chembe zake hutawanyika na kuziba. Kalsiamu ya jasi huchukua nafasi ya sodiamu, na mvua au umwagiliaji huiosha sodiamu hiyo ishuke chini, mradi maji yana pa kutokea. Chokaa ni ya udongo wenye tindikali. Kuitia kwenye udongo wa mwambao uliotokana na mawe ya matumbawe, ambao tayari umejaa chokaa, ni hasara, kwa kuwa madini ya chuma huzidi kufungika na majani hugeuka manjano.

Kabla ya kununua chochote, chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yanywee, kisha ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakitoweka kwa dakika chache, udongo wako unahitaji mboji ikiwa unapanda mtama au mbaazi. Yakiwa bado yamo kesho yake asubuhi, usipande mkonge hapo kabla ya kuyatafutia njia.