"Beki wa kulia" wa mpira wa mikono si namba mbili

Juzi nimeisikia tena, mtangazaji akimzungumzia Mslovenia wa mpira wa mikono: "Huyu Ana Gros ni beki wa kulia, lakini anafunga kuliko mastraika!" Alikuwa anasifu, kana kwamba dada wa watu kaacha lango wazi akapanda mbele kwa ubishi. Sivyo. Kufunga ndiyo kazi ya nafasi yake.

Maana kwanza, kwa haraka. Timu ya mpira wa mikono huwa na watu saba uwanjani, kipa na wengine sita. Ikishambulia, pivoti hujibanza katikati ya walinzi wa wapinzani kwenye mstari wa mita 6, mawinga wawili hukaa pembeni, na watatu waliobaki husimama nyuma yao karibu na mstari wa vipande vipande wa mita 9: kushoto, katikati na kulia. Hao watatu ndio wanaoitwa mabeki. Wako nyuma ya wenzao wakati wa kushambulia, basi. Kukaba wanakaba, kama kila mtu, tena kocha akitaka humtoa mfungaji akaingiza mkabaji kila mpira unapopotea, maana kubadilisha wachezaji hakuna kikomo.

Shida ni neno lenyewe. Beki tumelitoa kwenye Kiingereza kupitia soka, na likaja na maana moja tu: mtu wa kuzuia. Wafaransa wana tatizo letu hilohilo. Arrière kwao ni "wa nyuma" kwenye mpira wa mikono na beki kwenye soka. Wajerumani wamejiepusha. Wao husema Rückraum, eneo la nyuma, wakataja mahali na kuiacha kazi. Ila wanaonifurahisha ni Waslovenia wenyewe. Mchezo wanauita rokomet: roka ni mkono, met ni mrusho. Na nafasi ya Gros wanaiita desna zunanja, "wa nje upande wa kulia". Wa nje! Wameupanga uwanja kwa kutazama kutoka langoni: pivoti kabanwa ndani ya ukuta, huyu yuko nje na nafasi ya kurusha. Kwa jina hilo utamdhaniaje mlinzi?

Kingine kinachopotea ukisema beki ni suala la mkono. Gros ni mtu wa shoto, na ndiyo maana yuko kulia. Kwenye soka namba mbili kwa kawaida hutumia mguu wa kulia, huku ni kinyume. Anapokea pasi mita kumi hivi kutoka langoni, anapiga hatua zake tatu anazoruhusiwa, anaruka. Mkono wa kushoto uko upande wa katikati ya uwanja, kwa hiyo lango lote la mita 3 linafunguka mbele yake. Mweke hapo mtu wa mkono wa kulia: mkono unaangukia upande wa mstari wa pembeni na pembe inambana. Mashoto wazuri ni wachache, na klabu huwagombania.

Ukiitazama safari yake kwa jicho hilo, haina maajabu ya beki anayefunga. Alizaliwa 1991, akapitia Krim ya Ljubljana, klabu ya Slovenia iliyotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya ya mpira wa mikono kwa wanawake 2001 na 2003. Ufaransa alichezea Metz, kisha kuanzia 2018 Brest Bretagne. Msimu wa 2020/21 ndio mtamu: aliongoza kwa mabao katika Ligi ya Mabingwa, Brest wakaitoa Győr ya Hungary kwenye nusu fainali iliyoamuliwa kwa penalti, wakati Győr walikuwa hawajapoteza mechi 55 mfululizo za ligi hiyo. Fainali wakalala 34-28 mbele ya Vipers Kristiansand ya Norway. Paris 2024 alikuwemo kwenye kikosi cha Slovenia, mara ya kwanza kwa wanawake wa nchi hiyo kucheza mpira wa mikono kwenye Olimpiki.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, sikugombezi. Sema "wa nyuma kulia", au uwaazime Waslovenia useme "wa nje kulia". Na kama beki limeshakukaa mdomoni, litumie, ila ile "lakini anafunga" uiondoe.