Kidonda hakiamuliwi na daktari peke yake

Wengi bado wanaamini daktari ndo anaamua kila kitu kuhusu kidonda, nesi kazi yake kufunga bandeji tu. Sio kweli jamani. Nesi ndo anakiona kila akibadilisha dresingi (kile kinachofunika kidonda), anapima urefu, upana na kina, anacheki usaha, harufu, ngozi ya pembeni kama imelowa ikawa nyeupe, na akisema hiki hakisogei, yaani hakielekei kupona, basi mpango unaangaliwa upya. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ndo usiseme, daktari anacheki damu kama inafika mguuni, mtu wa lishe anaangalia msosi, mwingine anatafuta kiatu cha kupunguza mgandamizo maana hata dawa iwe nzuri vipi, ukizidi kukikanyagia hakifungi. Na mgonjwa akisema dresingi inamuuma, hiyo nayo inaingia kwenye uamuzi, asikae kimya.