Mzee, hakuna anayekuuliza kama ulimwagiwa

Wiki hii tena. Mzee ameketi mbele yangu, faili limefungwa kwa mpira, anatafuta shahidi wa kuapa kwamba mwaka 1969, akiwa askari wa Marekani vitani Vietnam, ndege ilimnyunyizia dawa ya kuua mimea kichwani. Dai lake la kwanza la fidia ya ugonjwa lilikataliwa, naye ameamini miaka yote kwamba alikosa shahidi.

Tuelewane. Kama ulikanyaga Vietnam kati ya 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975, hata siku moja, sheria ya Marekani inakuhesabu kuwa Agent Orange, ndiyo dawa hiyo, ilikugusa. Mara nyingi DD-214 yako, hati ya kuachishwa jeshi, yatosha. Na ugonjwa ukiwa kwenye orodha (kisukari cha aina ya pili, saratani ya tezi dume, Parkinson, tangu 2022 hata shinikizo la damu), hudaiwi barua ya daktari ya kuunganisha ugonjwa na dawa hiyo. Sheria imeshaunganisha. Mabaharia na waliokaa Thailand wana masharti yao, siku nyingine.

Kwa hiyo alikataliwa kwa nini? Miguu! Nyayo zinamwaka usiku kama kakanyaga makaa, akadai "neva, kwa sababu ya Agent Orange". Neva zimo kwenye orodha, lakini ni zile zilizoanza kuuma ndani ya mwaka mmoja tangu uguswe na dawa. Zake zilianza 2008. Hapo shahidi angesaidia nini?

Nikamuuliza anakunywa dawa gani. Akatoa metformin, dawa ya kisukari, mfukoni. Kisukari hakukiandika popote: "Sukari si kila mtu anayo?" Jamani! Njia ilikuwa hiyo: Agent Orange hadi kisukari, kisukari hadi neva. Hatua ya kwanza sheria inakubebea. Ya pili ndiyo inayotaka daktari, na daktari akiandika "huenda", amekuandikia hewa. Aandike kwamba uwezekano ni nusu kwa nusu au zaidi, na aeleze kwa nini.

Je, kisukari cha mzee huyu kweli kililetwa na dioksini, sumu iliyokuwa ndani ya Agent Orange? Sijui. Ana miaka 77, na chupa ya soda ilikuwa mezani tukizungumza. Wanasayansi wenyewe, walipopima ushahidi wa kisukari mwaka 2000, waliuita finyu. Sheria ikaamua kulipa. Mimi najaza fomu.

Tumeandika kisukari juu, miguu chini yake. Akasaini, akafunga mpira wake, kisha akauliza kama bado ampigie mjane wa mwenzake wa kikosi, maana huenda marehemu aliacha barua.