Tiba ya sindano: madhara madogo, na lile ninaloliogopa

Mgonjwa wangu hashuki kitandani kabla sijahesabu sindano. Kama nilichoma kumi na nne, lazima zitoke kumi na nne. Inayosahaulika kwa urahisi ni ya utosini, iliyojificha kwenye nywele, na mwenyewe huja kuikuta anapochana. Huenda isimdhuru, lakini hatarudi kwangu, na ana haki.

Wengi wanaokuja kwa akupancha, yaani tiba hii ya kuchoma sindano nyembamba sehemu mbalimbali za mwili, huuliza kama inauma. Wachache huuliza inaweza kuwafanya nini, na hilo ndilo swali ninalolipenda zaidi.

Sindano yenyewe haina tundu na haiingizi dawa. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.16 na 0.30, kwa hiyo ni nyembamba sana kuliko sindano ya kuchomea dawa msulini. Ikitoka, mara nyingi huacha tone dogo la damu au haiachi kabisa. Damu ikivilia chini ya ngozi, doa hufifia baada ya siku chache. Nchini Ujerumani walifuatiliwa wagonjwa 229,230, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: asilimia 8.6 walisema walipata angalau dhara moja, na asilimia 2.2 walipata dhara lililohitaji matibabu. Kutoka damu na kuvilia ndiko kulikoongoza, kwa asilimia 6.1. Kwa hiyo anayekwambia tiba hii haina madhara yoyote hakwambii kweli, hata kama ana nia njema.

Kuzimia kulinifunza mapema. Nilikuwa bado mgeni kazini, nikamchoma kijana mmoja akiwa ameketi kitini, sindano moja tu, kati ya kidole gumba na cha shahada. Alipiga miayo mara mbili, nikadhani ni uchovu. Kisha midomo ikapauka, jasho likamtoka kwenye paji la uso, akaanza kuinama upande. Nilichomoa sindano, nikamlaza chini, nikainua miguu yake juu ya mto. Dakika chache baadaye alikuwa anaongea. Kumbe hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake, na mimi sikumuuliza. Tangu siku hiyo anayechomwa kwa mara ya kwanza namlaza, na swali langu la kwanza ni kama amekula. Hata aliyevumilia vizuri anaweza kusinzia baadaye, kwa hiyo namwomba apumzike kwanza kabla ya kushika usukani.

Maswali mengine ninayouliza yanachosha, nalijua hilo, ila naomba uyajibu yote. Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Nitachoma kwa kina kifupi na kukandamiza pamba kwa muda mrefu zaidi. Una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo? Basi sitaunganisha umeme kwenye sindano. Vali za moyo wako zina hitilafu? Sitakuachia vijisindano vya sikioni vya kukaa siku kadhaa, kwa sababu vijidudu vikipenya hapo vinaweza kufika moyoni. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi simpashi moto kwa majani yanayofukizwa, maana anaweza kuungua bila kuhisi. Na mjamzito aniambie hata kama mimba ni changa, kwa sababu zipo sehemu ambazo desturi ya tiba hii inatutaka tuziache, na ile ya karibu na kidole gumba ni mojawapo.

Kuhusu maambukizi sina mengi ya kusema. Sindano zilizorudiwa bila kutakaswa vizuri ziliwahi kueneza homa ya ini aina ya B. Leo sindano ni ya kutumika mara moja na kutupwa, na pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako. Usipoiona ikifunguliwa, inuka uondoke.

Ninaloliogopa liko begani. Ule msuli wa juu, kati ya shingo na ncha ya bega, ndio watu wanaoulalamikia kila siku, na chini yake imejificha ncha ya pafu. Kwa mtu mwembamba, kutoka ngozi hadi pafu panaweza kuwa na sentimita moja au mbili tu. Sindano ikipita hapo, hewa huvuja kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu hunywea. Katika ule uchunguzi wa Ujerumani, hili liliwapata watu wawili. Ni wachache mno, lakini sipendi kuona fundi akiichoma sehemu hiyo wima kana kwamba ni paja. Mimi huubana msuli kwa vidole viwili, nikauinua utengane na mbavu, ndipo sindano ikapita ndani ya nyama niliyoishika. Mgonjwa akiwa mwembamba sana naacha, nachagua sehemu za mkononi.

Dalili zake zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, ukiwa umeshafika nyumbani: kichomi kifuani au begani kinachozidi ukivuta pumzi, kikohozi kikavu, kuhema kwa kazi ndogo. Usisubiri kesho, wala usinipigie mimi kwanza. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura, na ukifika useme mapema kwamba ulichomwa sindano begani, mgongoni au kifuani, na saa ngapi, ili wajue mara moja pa kuanzia kutafuta.