Jarida la shule: yanayosemwa na yalivyo

Klabu ya uanahabari ikishachagua viongozi wake mwanzoni mwa mwaka, ushauri huanza kumiminika kutoka chumba cha walimu, mabweni na hata jikoni. Mwingi wake si sahihi. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi kama mwalimu mlezi wa jarida katika shule ya upili hapa Kenya.

"Kila mzazi aongezewe mia tatu za jarida kwenye karo, shida iishe."

Kwa shule ya umma, hapo ndipo shida inapoanza. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinataka tozo zozote za ziada ziidhinishwe na Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Hata zikiidhinishwa, mwanafunzi hazuiwi kuhudhuria masomo kwa kushindwa kuzilipa. Tena pesa hazikusanywi bila risiti rasmi. Kwa hiyo jarida ni la hiari, anayelitaka atalinunua. Na hiyo risiti ndiyo inayofuta wazo jingine linalopendwa sana, la pesa kutumwa kwa M-Pesa kwenye simu ya mlezi kwa kuwa "mwalimu ni mwaminifu". Uaminifu wake haujakanushwa. Lakini mzazi akiuliza mwezi wa tisa pesa zake ziko wapi, daftari la mhasibu wa shule litamjibu vizuri kuliko simu ya mtu binafsi.

"Matangazo ni msaada, kwa hiyo tukaombe kwa unyenyekevu."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa zilipo. Wanafunzi wawili huingia katika duka la sare wakiwa na barua yenye muhuri wa shule. "Shikamoo mama, tunaomba utusaidie na jarida letu." Mwenye duka anaitazama barua, kisha anawatazama wao. "Wanangu, mwezi huu nimechanga harambee mpaka nimechoka. Jarida lenyewe linatoka lini? Nakala ngapi? Litasomwa na nani?" Hawajui. Wanapewa shilingi mia mbili za nauli na kuagwa kwa upole.

Yule mama hakuwa mchoyo. Aliuliza maswali ya mfanyabiashara, nao walikuja kuomba. Wape karatasi moja yenye bei: ukurasa mzima, nusu, robo, jalada la ndani, jalada la nyuma (hili ndilo ghali zaidi, kwa sababu huonekana hata na asiyefungua jarida). Iwe pia na idadi ya nakala, tarehe ya kutoka na siku ya mwisho ya kulipa. Wakirudi na karatasi hiyo na nakala ya mwaka jana, mazungumzo yatakuwa mengine. Muuza sare, mwenye duka la vitabu na mpiga picha wa mtaani wana sababu ya kutaka kuonekana na wazazi wa shule yenu. Benki kubwa huenda isijibu barua hata moja, nanyi mtapoteza muhula mzima mkiisubiri.

"Tuchapishe nyingi, zitauzika tu."

Tuseme mchapishaji ametaka shilingi 120,000 kwa nakala 300. Kila nakala imewagharimu 400, nanyi mnaiuza kwa 400. Zikinunuliwa 190 mtapata 76,000, na deni litakuwa 44,000. Sasa tuseme matangazo yaliingiza 70,000 kabla ya kwenda mitamboni. Mnaweza kuuza kwa 200, na nakala 250 zinatosha kumaliza gharama. Chukua oda na malipo mapema, kisha uamue idadi. Kupunguza sana nako hakusaidii, kwa sababu uchapishaji wa ofseti hutumia sahani za chuma, moja kwa kila rangi, na gharama ya kuzitengeneza haibadiliki, ziwe nakala 50 au 500.

Kurasa pia zihesabiwe kwa nne iwapo jarida litabanwa kwa pini katikati. Ukiwa na kurasa 50, utalipia 52. Hizo mbili za mwisho nimewahi kuziona zikijazwa methali. Heri ziwe matangazo.

"Mhariri mkuu awe bingwa wa insha."

Bingwa wa insha apewe tahariri. Mhariri mkuu awe yule anayeweza kumfuata nahodha wa mpira mara nne kudai ripoti bila kugombana naye, na kumwambia rafiki yake kwamba shairi lake limechelewa. Awe pia makini na majina ya watu. Wanjiku akichapishwa Wanjiru, hakuna tahariri itakayomtuliza mamaye. Bandika orodha ya majina darasani, kila mtu atie saini mbele ya jina lake lilivyoandikwa.

"Picha tunazo, ziko WhatsApp."

WhatsApp hubana picha. Kwa chapa nzuri ya nukta 300 kwa inchi, picha ya pikseli 1,600 kwa 1,200 inatosha takriban sentimita 13.5 kwa 10, basi. Ukiitanua ijaze jalada itatoka na ukungu. Zitumwe kama faili, au zitolewe kwenye kamera yenyewe.

"Ni picha za shule, hatuhitaji ruhusa."

Mnahitaji. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha ni data. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kusambaza picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Siku ya mkutano wa wazazi inatosha kusainisha fomu. Asiyesaini, mtoto wake asionekane hata kwenye picha ya darasa zima.

"Tutamalizia muhula wa tatu."

Muhula wa tatu ni wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili, na kidato cha nne wanaoufanya ndio wanunuzi wenu wakubwa. Wakishafanya karatasi ya mwisho hawarudi kununua jarida. Kazi iende kwa mchapishaji kabla ya kufunga muhula wa pili.