Uwekezaji wa kijamii katika nishati: deni linalolipwa na dizeli isiyochomwa

Hospitali ya misheni, kituo cha kulelea yatima, chuo cha ufundi cha dayosisi: taasisi za namna hii Nyanda za Juu Kusini zimezoea njia mbili za kupata kitu kikubwa. Ama mfadhili anatoa, ama waumini na wazazi wanachangishwa. Uwekezaji wa kijamii ni njia ya tatu. Ni fedha ambazo mwenye nazo anataka zirudi, mara nyingi na riba ndogo, lakini ameamua kuzitoa kwa sababu ya huduma ambayo watu wataipata. Akikosa kuiona huduma hiyo, hatoi. Akiona fedha haziwezi kurudi, hatoi vilevile.

Ustahimilivu wa nishati nao ni uwezo wa taasisi kuendelea na kazi yake umeme unapokatika, dizeli inapopanda bei au kuni zinapoadimika, bila bajeti yake kuvurugika. Sehemu hiyo ya mwisho husahaulika. Hospitali yenye jenereta kubwa ina umeme usiku wa manane, sawa, lakini kama kila saa ya jenereta inakula fedha ya dawa, hospitali hiyo haijastahimili chochote. Imehamisha tatizo kutoka wodini kwenda kwa mhasibu.

Inauma zaidi ukifikiria nyanda hizi zinavyochangia umeme wa nchi. Maji ya Ruaha Mkuu yanayozungusha mitambo ya Mtera na Kidatu huanzia huku. Nguzo nyingi za umeme hutoka Mufindi na Njombe. Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 limeondoa sehemu kubwa ya ule mgao wa zamani uliotokana na uhaba wa uzalishaji, ila kuzalisha ni jambo moja na kufikisha ni lingine. Laini inayopanda milima ya Makete au kupita katikati ya misitu ya Mufindi ni ndefu. Mti ukiangukia waya, au radi ikipiga transfoma Rungwe wakati wa masika, kijiji cha mwisho kinasubiri. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Makete na Njombe inaposhuka hadi kuleta barafu mashambani, mtoto njiti hawezi kusubiri. Mashine ya kuzalisha oksijeni inayotumia umeme huzimika papo hapo. Friji la chanjo linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8.

Kwa nini basi nishati, kati ya mahitaji yote ya taasisi ya hisani, ndiyo inayofaa kukopewa? Kwa sababu taasisi tayari inailipia. Jengo la wodi likijengwa kwa mkopo, hakuna mlango wa wazi ambao fedha ya marejesho itaingilia. Umeme wa jua ukifungwa, fedha iliyokuwa ikienda kwenye LUKU na kituo cha mafuta inabaki mkononi, na hiyo ndiyo inayolipa deni. Hapa ndipo ilipo siri yote ya dhana hii, na mtu akiishika, mengine ni hesabu.

Tufanye hesabu hiyo. Chukulia kituo cha afya cha kanisa wilayani Kilolo. Takwimu hizi ni za mfano. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, uniti moja ya TANESCO ni karibu shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Jenereta ndogo hutoa takribani uniti 3 kwa lita moja ya dizeli, kwa hiyo lita ikiwa shilingi 3,000, uniti moja ni shilingi 1,000, kabla hujahesabu oili, filta na fundi. Kituo chetu kinatumia shilingi 900,000 za LUKU kwa mwezi na 600,000 za dizeli. Mfumo wa sola wenye betri unaokifaa unagharimu milioni 40. Baada ya kuufunga, LUKU inashuka hadi 350,000 na dizeli hadi 100,000. Kilichookolewa ni shilingi 1,050,000 kila mwezi.

Sasa kituo hicho kikichukua milioni 40 zote benki kwa riba ya asilimia 18 na kuzilipa kwa miaka mitano, marejesho ya mwezi yatakuwa kama shilingi 1,016,000. Kinachobaki ni shilingi 34,000. Mwezi mmoja wa mawingu, au inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uweze kutumika kwenye vifaa vya kawaida) kuharibika, na kituo kimeshindwa kulipa. Mhasibu mwangalifu atakataa mkopo huo, na atakuwa sahihi.

Lakini mfuko wa uwekezaji wa kijamii ukisema: milioni 12 ni ruzuku, milioni 28 ni mkopo wa asilimia 5 kwa miaka mitano, marejesho yanashuka hadi kama 528,000. Zaidi ya laki tano zinabaki kila mwezi. Kituo kinaweza kuweka akiba ya kununulia betri nyingine, kumlipa fundi wa matengenezo na bado kikaongeza dawa. Mwekezaji naye, baada ya miaka mitano, anapata milioni zake 28 na riba, anazipeleka kwenye zahanati nyingine ya Ileje au Ludewa. Ruzuku tupu ingekwisha pale pale ilipotumika. Mchanganyiko huu wa ruzuku na mkopo ndio umbo ambalo uwekezaji wa kijamii huchukua mara nyingi, kwa kuwa taasisi nyingi za hisani haziwezi kubeba mkopo mtupu.

Uingereza wamelijenga jambo hili kwa utaratibu. Sheria ya mwaka 2008 iliruhusu fedha zilizolala kwenye akaunti za benki bila mwenyewe kuonekana zitumike kwa manufaa ya jamii, na mwaka 2012 ikaanzishwa taasisi ya Big Society Capital, ambayo sasa inaitwa Better Society Capital, kuelekeza sehemu ya fedha hizo kwenye mifuko inayokopesha mashirika ya hisani. Bei za nishati ziliporuka mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kumbi za vijiji na vituo vya wazee vilijikuta vinachagua kati ya kuwasha hita na kulipa wafanyakazi. Mikopo iliyochanganywa na ruzuku ikawa njia mojawapo ya kufunga sola na kuziba nyufa zinazopitisha baridi. Tatizo lao hasa ni bili, si giza. Letu ni yote mawili, na kwa maoni yangu hilo linafanya hoja iwe na nguvu zaidi huku kwetu.

Wazo la taasisi ya huduma kumiliki umeme wake si geni hata kidogo kusini. Masista Wabenedikto wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, mkoani Ruvuma, wana mtambo wa maji wa Tulila wa megawati 5 katika mto Ruvuma, na tangu 2015 umeme wake unauzwa kwa TANESCO. Ludewa kuna LUMAMA, jina lililounganishwa kutoka vijiji vya Lupande, Madunda na Mawengi, mradi wa maji wa kilowati 300 uliojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la ACRA. Naitaja miradi hii kwa sababu inaonyesha kitu ambacho mkopeshaji hukitafuta: watu wasiogawana faida, wenye mali inayoingiza fedha, na wanaojua kuitunza.

Hapo kwenye kutogawana faida pana jambo la kisheria. Shirika lisilo la kiserikali nchini haliruhusiwi kugawana faida, hivyo haliwezi kumuuzia mwekezaji hisa na kumpa gawio kila mwaka. Ndiyo maana uwekezaji huu huja kama mkopo, au kama mkataba ambao kampuni inafunga na kumiliki mfumo, kisha taasisi inalipia uniti inazotumia. Na mara nyingi anayesaini si hospitali. Ni bodi ya wadhamini ya dayosisi au jimbo, iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), kwa kuwa ndiyo yenye uwezo wa kumiliki mali na kushtakiwa. Mganga mfawidhi asiyeishirikisha bodi mapema atapoteza mwaka mzima.

Mkataba wenyewe usomwe kwa makini katika sehemu tatu. Ya kwanza ni sarafu, na hii naiona hatari kuliko riba. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa takribani shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Taasisi inayopokea shilingi kutoka kwa wagonjwa na bima, ikakopa dola kwa asilimia 3, inaweza kulipa zaidi ya iliyokopa kwa shilingi asilimia 12. Mwekezaji anayejiita wa kijamii anatakiwa kubeba hatari hiyo, walau kwa sehemu. Ya pili ni muda wa kusubiri kabla ya marejesho kuanza. Mfumo ufungwe na ufanye kazi kwanza. Ya tatu ni dhamana. Dhamana iwe ni vifaa vilivyofungwa. Kiwanja cha hospitali kisiwekwe rehani kwa ajili ya paneli.

Na kuna mahali ambapo njia hii haifai kabisa. Zahanati ambayo haijawahi kuwa na umeme wala jenereta haina matumizi ya kupunguza, kwa hiyo haina cha kulipia deni. Hiyo inahitaji ruzuku, na kuipa mkopo kwa jina la ubunifu ni kuionea.

Kwa upande wa vifaa, kosa linalojirudia ni sola za msaada zilizokufa betri. Paneli iko juu ya paa, nzima, na inaweza kufanya kazi miaka 25. Chini yake betri za risasi zimeisha ndani ya miaka mitatu hadi mitano na hakuna aliyetenga fedha ya nyingine. Betri za lithiamu hudumu miaka kumi na zaidi ila ni ghali mwanzoni, na hapo ndipo mkopo wa muda mrefu unapoleta tofauti halisi. Paneli hupenda jua lenye baridi, maana joto hupunguza uzalishaji wake, kwa hiyo Iringa na Mbeya ni mahali pazuri. Tukuyu yenye mvua na ukungu inahitaji hesabu tofauti: betri kubwa zaidi, au sola isaidie gridi badala ya kubeba mzigo peke yake. Kinga ya radi isikatwe ili kupunguza bei.

Shule za bweni na vituo vya yatima vina mzigo mwingine, wa jikoni. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimetakiwa kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaoishia 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Hapa pia hesabu ni ile ile: kama kuni zinanunuliwa kwa lori, akiba ipo, kama zinaokotwa na wanafunzi, haipo kwenye vitabu.

Taasisi inayotaka kuanza isianze na bei ya paneli. Ikusanye miezi 12 ya manunuzi ya LUKU na risiti za dizeli, ifungue daftari la kuandika kila umeme unapokatika na saa uliporudi, kisha fundi apite chumba kwa chumba kubadilisha taa na friji zinazokula umeme bure. Mzigo ukipungua, mfumo unakuwa mdogo na mkopo unapungua. Daftari hilo na risiti hizo ndizo atakazoziomba mwekezaji siku ya kwanza.